Campbell na Pedersen Hawakai Umoja

Niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini chuo hakijaniacha. Kodi ya nyumba hapa Umoja inatoka kwa tasnifu za wengine: nanyoosha marejeleo, ile sehemu kila mtu hufikia akiwa amechoka. Kwa hivyo niruhusu nihakiki maandishi ambayo hakuna mtu huyahakiki, yaani ule mfano unaoonyeshwa kabla hujachagua mtindo.

Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeleo, ina mitindo zaidi ya 10,000. Ukipitisha kishale juu ya mmoja, unaona utakavyotokea kwa kutumia makala ya Campbell na Pedersen ya 2007 kuhusu ubepari. Jina la kwanza, herufi ya katikati, ukoo. Safi. Ni kama suruali iliyovishwa sanamu dukani. Shida inaanza ukiivaa wewe.

Mteja wangu mmoja aliandika kuhusu riwaya za Zanzibar. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye wa Nyota ya Rehema (1976), Said Ahmed Mohamed ni wa Utengano (1980). Kuna mitindo inayoongeza herufi za kwanza ndani ya aya kuwatenganisha, na kuna isiyojali, wote wawe Mohamed tu. Campbell na Pedersen hawawezi kukuonyesha hilo, kwani hawana ukoo mmoja. Mtindo niliuchagua mimi, kwa kutazama mfano. Msimamizi akadhani ni mwandishi mmoja anayejipinga, akarudisha kazi yote wiki mbili kabla ya mahafali. Nusu ya pesa yangu sijaiona mpaka leo, na sijui kama ningekuwa yeye ningelipa.

Halafu Ngũgĩ wa Thiong'o. Andika "Thiong'o, N. wa" na umemtaja baba yake. Ukimweka kwenye kisanduku kimoja, kile cha mashirika, jina linabaki zima. Yaani manze lazima awe kampuni ndio aheshimiwe. Na Weep Not, Child ya 1964 ilitoka kwa jina James Ngugi, kwa hivyo orodha inampasua mara mbili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) ndiyo ilinichekesha: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikiingizwa kwenye visanduku viwili inatoka "Kiswahili, T. ya U. wa".

Najua mtu atasema mfano unafaa kuwa mwepesi, watu waone nukta na mkato basi. Sawa. Lakini nukta na mkato hazijawahi kunirudishia kazi. Mimi nataka mfano unaoharibika mbele yangu kabla haujamharibikia mteja.

Nimejitengenezea folda: Mohamed wawili, Ngũgĩ na James, taasisi, na Shafi Adam Shafi, ambaye jina la kwanza na la mwisho ni lile lile. Mtindo wowote unapita hapo kwanza. Jana stima iliporudi saa nne usiku nilijaribu sita. Miwili ilipita.