Sikio la Fundi wa Kamukunji

Ukitoka Shauri Moyo kuelekea Gikomba, Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali jijini Nairobi, utaisikia kabla hujaiona: ni mlio wa nyundo juu ya bati. Mgeni huziba masikio. Fundi wa masanduku hufanya kazi kwa kuusikiliza mlio huohuo.

Mtazame akikunja bati. Hana fuawe ya dukani. Ana kipande cha reli ya zamani. Hulaza bati ukingoni mwa reli, akagonga huku mkono wa kushoto ukilisogeza kidogo kidogo. Bati likikaa barabara juu ya chuma, mlio huwa mkavu, mfupi. Likiacha upenyo chini, hulia kwa mtetemo, naye hulirudisha mahali pake bila hata kuinama kuchungulia. Nyundo ikirudia palepale kupita kiasi, bati hutanuka na kufanya mawimbi, na mawimbi hayo hayafichwi na rangi yoyote. Mama anayemnunulia mwanawe sanduku la bweni mwezi wa Januari atayaona tu.

Haya hayaelezwi. Mwanagenzi hutumwa chai, hunyoosha vipande, hushikilia bati mwenzake akigonga, na akiuliza sana huambiwa, “Tazama.” Zamani nilidhani ni uchoyo wa mafundi. Sasa naona hakuna njia fupi zaidi: ule mlio ungeelezwa kwa maneno gani?

Jiko nalo lilijifunzwa kwa kutazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wameona majiko ya Thailand walisaidia kubuni jiko letu la makaa lenye udongo ndani na kiuno chembamba, kiuno kinachoubeba ule udongo. Mafundi wengi hawakusubiri michoro. Walifungua jiko moja, wakalipima kwa macho, wakatengeneza la pili.

NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini ufundi kwa madaraja, na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Vizuri sana, maana bila cheti zabuni nyingi huwapita mafundi hivihivi. Lakini mimi ningeanza na vizibo vya masikio, maana kelele hula kile kile kinachomlisha fundi. Wazee wa pale lazima uwaite mara mbili. Hata hivyo, mletee mmoja wao bati uliloambiwa ni geji 30: atalipapasa ukingoni, atalipinda kidogo, kisha atakwambia urudi dukani ukadai pesa zako, hiyo ni 32.