Muntu na Mtu: Kosa au Lahaja?

Mojawapo ya malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika vyumba vya masomo hapa Lubumbashi ni kwamba wanafunzi "wanaharibu" matamshi ya Kiswahili. Mifano inayotolewa ni ile ile: muntu badala ya mtu, batoto badala ya watoto. Katika maandishi haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo inachanganya mambo mawili, yaani kosa na lahaja.

Kihistoria, m ya silabi katika mtu imetokana na mu-. Irabu imedondoka huko pwani. Kiluba husema muntu na bantu, Kibemba umuntu na abantu. Basi msemaji wa Lubumbashi haharibu kitu. Anafuata kanuni ya mahali pake. Kiunguja nacho kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Huo ulikuwa uamuzi wa watawala na wamisionari, wala haukuwa hukumu juu ya usafi wa sauti. Kimvita husema ndia na ndoo pale Kiunguja kinaposema njia na njoo. Hata hivyo hakuna adaiye kwamba Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alishindwa kutamka. Kwa nini tofauti ya Mombasa iitwe lahaja, na ya Lubumbashi iitwe uchafu?

Dhihaka ina madhara. Mwanafunzi aliyechekwa kwa ajili ya muntu hujifunza tu kwamba u ni mbaya. Kisha huweza kuandika mhimu kwa muhimu, na mda kwa muda. Hilo ndilo kosa hasa, nalo limezaliwa na masahihisho yasiyo na maelezo. Mwingine hunyamaza, au hukimbilia Kifaransa.

Hatusemi kwamba Kiswahili bora kisifundishwe. Asiyekijua hatafaidi vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi. Lakini kumbukumbu za mji huu zimo katika lugha ya mji huu: Vocabulaire ya André Yav, ya mwaka 1965, inasimulia historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Atakayeisahihisha yote atakuwa amewanyamazisha mashahidi.

Kwa kumalizia, tunapendekeza somo la matamshi lianze kwa kulinganisha: huku muntu, kule mtu, na sababu yake. Mwalimu asahihishe mhimu; muntu aieleze.