Frigeti Haihukumiwi kwa Mlipuko

Nimechoka kuona sifa zikimwagwa juu ya kazi mbovu. Kuna video ya EVE Online, mchezo wa meli za angani, inayozunguka siku hizi: rubani wa Rifter anabonyeza kitufe cha kusogelea, anaifuata Merlin yenye mizinga ya masafa marefu kwa mstari ulionyooka, na kabla hajafika ngao yake imekwisha na deraya yake imebaki nusu. Anashinda kwa sababu mpinzani alichelewa kuwasha skramu, kifaa cha kumzuia adui asitoroke. Mlipuko unapendeza, na watazamaji wanamwita fundi. Si fundi hata kidogo.

Kwanza meli zenyewe, frigeti, yaani meli ndogo za kivita. Merlin ina nafasi nne za kati za kufungia vifaa, na haina udhuru wa kukosa webu, kifaa cha kupunguza mbio za adui. Incursus hujikarabati deraya kuliko wenzake, kwa hiyo usiipe muda. Punisher ina nafasi mbili tu za kati, na anayeshinda nayo peke yake namvulia kofia. Rifter hupendwa kwa sababu mizinga yake haili kapasita, akiba ya nishati ya meli: nyuti, kifaa cha kunyonya nishati hiyo, inaweza kukukausha na bado ukapiga. Kati ya meli mbili zilizoboreshwa kutokana na Rifter, Jaguar inaishi kwa ngao na Wolf kwa deraya. Wolf ndiyo bora, na sina haja ya kubishana. Ukiona meli imepangwa kujilinda kwa ngao na deraya kwa pamoja, usiendelee kutazama. Rubani huyo hajaamua anataka nini.

Sasa jambo ambalo wanagenzi hawalioni kamwe. Usitazame meli, wala mistari ya leza. Tazama orodha iliyo pembeni ya skrini, uone kama rubani ameweka safu ya kasi ya pembe. Kama haipo, anapigana kwa kubahatisha. Mizinga ya EVE haikosi kwa sababu shabaha ina mbio. Inakosa kwa sababu shabaha inapita ubavuni upesi kuliko mizinga inavyoweza kugeuka. Meli inayokuja uso kwa uso, hata ikiwa na mbio za ajabu, kwa mizinga ni kama imesimama. Ongeza MWD, injini ya mbio kubwa ambayo huvimbisha alama ya meli, yaani ukubwa wake machoni pa mizinga, mara kadhaa, na kila risasi inaingia.

Fundi hagusi kitufe cha kusogelea. Anabofya mara mbili kwenye anga tupu, kando ya adui, anaingia kwa mzunguko unaobana taratibu, na jicho lake haliachi ile namba. Ikishuka, anabofya tena, mbele kidogo ya pale anapotaka kufika, kwa kuwa seva hupokea amri kwa mapigo ya sekunde moja. Akiingia ndani ya masafa ya skramu, MWD ya adui inazimika, naye aliyechagua AB, injini ya mbio ndogo zaidi ambayo skramu haiizimi, anaendelea kukimbia. Hapo tena anachagua: dhidi ya mizinga ya masafa marefu anajibana mita 500, dhidi ya Incursus ya mizinga ya masafa mafupi anakaa ukingoni mwa skramu yake na webu ikiwa inafanya kazi. Na anajua ni nani asiyejali pembe hata kidogo. Kestrel na Hawk hurusha makombora, na kombora halina mzinga wa kugeuza. Anayezunguka Kestrel kwa madaha anapoteza muda.

Waongo nao wapo. Zamani wapo waliojiita mabingwa wa kupigana peke yao huku akaunti ya pili ikiwa imefichwa mbali katika mfumo uleule, ikiwaongezea mbio na masafa ya skramu bila kuonekana kwenye video. CCP, watengenezaji wa EVE, waliukata ujanja huo Novemba 2016. Kil2, rubani ambaye baadaye aliingia CCP kwa jina la CCP Rise, alijenga jina kwa video za kupigana peke yake na kueleza maamuzi yake. Hicho ndicho kipimo changu: je, rubani anaweza kusema kwa nini alibofya pale?

Red vs Blue, kundi la wachezaji waliopigana wao kwa wao kwa ajili ya mazoezi, walipoanza mwaka 2009, shule ya bei nafuu ilikuwa hiyo. Ulipoteza frigeti jioni nzima, aliyekuua akakwambia ulipokosea, ukanunua nyingine. Leo watu wanataka titani, meli kubwa kuliko zote, na vichwa vya habari kama vile vya vita vya B-R5RB vya 2014, ambako rubani mmoja mmoja hakuonekana kabisa.

Kwa hiyo kabla hujaisifu video nyingine, irudishe mwanzo, sogeza hadi sekunde kumi kabla ya skramu, na utazame kishale cha mausi. Kikiwa kimetulia juu ya kitufe cha kusogelea, weka sifa zako.