Laktoferini ya Ngamia: Molekuli Moja, Kazi Mbili!

Acheni kwanza simu mpya. Kilichonishika mimi kimo ndani ya maziwa ya ngamia, haya haya yanayokamuliwa hapa Merti, Isiolo, ambako ukame umewafanya Waborana wengi waongeze gaala, yaani ngamia, kwenye maboma yaliyozoea ng'ombe. Ni protini iitwayo laktoferini, na ndiyo kwanza nimeliona umbo lake. Jamani!

Ni mnyororo wa asidi amino karibu 690, uliojikunja ukafanya nusu mbili. Kila nusu ina mfuko wake, na kila mfuko hushika ayoni moja ya chuma, ukaifumba kama kiganja kinavyofumba sarafu. Ikishiba chuma, inageuka rangi nyekundu. Maziwa ya ng'ombe yanayo, ya mama zetu pia, na humo nusu zote mbili ni bahili kupindukia: hazitoi chuma mpaka asidi iwe kali kweli, pH ishuke hadi 4 au chini yake. Bakteria wanaokihitaji ili wazaane hushinda njaa. Kazi safi, lakini ni moja.

Sasa ya ngamia! Mwaka 2001 watafiti wa India walichapisha umbo lake. Nusu ya kwanza ni bahili vilevile. Ya pili huachia chuma mapema, karibu na pH 6.5, tabia ya jamii ya transferini, protini zinazosafirisha chuma mwilini. Tena umbo la nusu hiyo linashabihiana na la protini iliyomo kwenye ute wa yai la kuku na la bata. Yai! Ndani ya maziwa! Mlinzi na mchukuzi wamefungwa mnyororo mmoja. Huku ananyima, huku anagawa. Niliitazama ile picha mpaka chai ikapoa.

Kasoro ipo, na si ndogo. Ukiyachemsha maziwa, joto linaifumua protini hii. Ukiyanywa mabichi, unakaribisha homa ya brusela, ambayo wafugaji wa Isiolo wanaijua vizuri mno. Katikati kuna njia: nyuzi 63 kwa dakika 30 huua bakteria wa homa hiyo na kuiacha laktoferini karibu nzima. Ushirika wa wanawake wa Anolei, mjini Isiolo, huuza maziwa ya ngamia hadi Nairobi. Mimi nataka chupa iliyopashwa hivyo, iuzwe papa hapa Merti, na nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.