Weka tena kidole

Mwaka jana mwezi wa sita, baridi ya Njombe ikiwa kwenye kilele chake, nilimsindikiza shangazi yangu kutoka kijijini kwetu Wanging'ombe hadi Makambako kurudisha laini. Simu ilikuwa imepotea gulioni, na laini ndiyo benki yake: hela ya viazi inaingia humo, mchango wa kikoba unatokea humo. Tukampata wakala, kijana mwenye meza ndogo chini ya mwavuli, pembeni ya barabara.

Shangazi akataja namba yake ya NIDA, akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine. Kikakataa. Akafuta kidole kwa kanga, akaweka tena. Kikakataa. Akajaribu cha kulia, cha kushoto, mpaka cha shahada. "Mama, vidole vyako vimechoka," kijana akasema, wala si kwa dharau. Shangazi akacheka: "Vimechoka na jembe, mwanangu. Lima viazi miaka arobaini halafu uje unionyeshe vya kwako." Mwishowe kimashine kikakubali na laini ikarudi. Kijana akaongeza: "Weka tena kidole, mama, haijakaa vizuri." Akaweka tena.

Miezi miwili baadaye nilichukua simu yake nikabonyeza *106#, ile menyu inayokuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwenye mtandao ule zilikuwa mbili. Moja ni yake. Ya pili haijui.

Siwezi kukuthibitishia, msomaji, nani aliisajili hiyo ya pili, wala lini. Ila hebu tazama jambo moja: kwa upande wa kompyuta, hakuna kosa lolote lililotokea. Namba ya NIDA ilikuwa sahihi, kidole kilikuwa cha mwenyewe, jibu likawa "ndiyo". Uhakiki ulifanya kazi yake yote, na bado shangazi yangu ana laini asiyoijua inayotembea kwa jina lake.

Ndiyo maana leo nataka tuukosoe uhakiki wenyewe. Siwalengi mawakala, wala simzungumzii mtu mmoja pale Makambako. Hoja yangu ni hii: mifumo tuliyonayo inatudai sisi tujithibitishe kila siku, kwa vitu tusivyoweza kuvibadilisha, lakini yenyewe haithibitishi chochote kwetu.

Tulifikaje hapa

Usajili wa laini Tanzania ulianza mwaka 2009, na sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 ikaupa nguvu. Wakati ule ulipeleka kitambulisho chochote kile, ukajaza fomu. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 ikawa lazima namba ya NIDA na alama za vidole. Mwisho ulipangwa kuwa 31 Desemba 2019, kisha Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, hadi 20 Januari 2020. Kama ulikuwa na laini siku zile, unazikumbuka foleni kwenye ofisi za NIDA: watu wameamka saa tisa za usiku, na wengine hawakufikiwa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya maana: kukomesha utapeli na uhalifu wa mitandaoni. Sasa jiulize, ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" imeisha? TCRA yenyewe ina namba 15040 ya kupokea ripoti za meseji hizo, na takwimu zake za robo mwaka zina jedwali la majaribio ya ulaghai mkoa kwa mkoa. Kila laini inayotuma meseji hiyo ina alama ya kidole nyuma yake. Swali ni kidole cha nani. Tapeli mwenye akili hawezi kusajili kwa kidole chake wakati kuna vidole vya watu wanaoambiwa "weka tena" na wakaweka.

Kimashine kinaona nini

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye sayansi. Kimashine hakikujui wewe. Kinapiga picha ya michirizi ya kidole, halafu programu inatafuta sehemu mbili za pekee: pale mchirizi unapoishia, na pale unapogawanyika kama njia panda. Mahali na mwelekeo wa vituo hivyo ndiyo "ramani" yako. Ukija siku nyingine, ramani mpya inalinganishwa na ile ya zamani na zinapewa alama za ufanano, kama mtihani. Ukivuka alama ya kufaulu, wewe ni wewe.

Nani anaamua alama ya kufaulu iwe ngapi? Binadamu, mhandisi au ofisi fulani. Akiiweka juu sana, wenye vidole vyao wanakataliwa. Akiishusha sana, wageni wanapita. Hakuna mahali pa kuiweka ambapo makosa yote mawili yanaisha. Na makosa ya kukataliwa hayagawanywi sawasawa: yanawaangukia wazee ambao ngozi imekauka, wapasua mawe, wachuma chai, na wakulima wa viazi. Mtu wa ofisini Dar es Salaam anaweka kidole mara moja anaondoka. Shangazi anaweka mara saba, na kufikia mara ya saba hana tena nguvu ya kuuliza kwa nini anaambiwa mara ya nane.

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Udhaifu wa kimashine ndio unaompa mwizi kisingizio. Kama kingekuwa kinasoma mara moja, "weka tena" ingeshtua mtu yeyote.

Namba ya NIDA si siri

Kosa la pili ni la kuchanganya jina na ufunguo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ni kama jina refu: kazi yake ni kukutofautisha na watu wengine. Umeiandika wapi mpaka sasa? Kwenye maombi ya mkopo wa chuo, kwenye fomu ya kazi, kwa mwenye nyumba, kwenye kundi la WhatsApp la kikoba, na kwenye kompyuta ya stesheneri ulipokwenda kutoa kopi ukaacha faili lako kwenye folda yenye mafaili ya mtaa mzima. Kitu kinachojulikana na watu wote hao hakiwezi kuwa ushahidi kwamba anayekitaja ni wewe. Lakini piga simu huduma kwa wateja popote uone utakachoulizwa: majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Yaani wanauliza jina lako kwa njia tatu tofauti, halafu wanaliita ulinzi.

Na kuna waliojifunza kulitumia hilo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu tumizi 69 za mikopo mtandaoni kuwa hazina leseni wala kibali. Nyingi za aina hiyo tunazifahamu: kabla hujapata hata elfu ishirini, unapiga picha kitambulisho mbele na nyuma, unapiga picha uso wako, unaruhusu isome orodha yote ya namba kwenye simu. Ukichelewa kulipa siku mbili, mama mkwe wako anapokea meseji. Huo wote uliitwa uhakiki.

Nywila unabadilisha, kidole je?

Mtu atasema: basi tulinde kanzidata vizuri. Sawa, lakini kidole ni kigumu kulinda kuliko nywila. Nywila inaweza kuhifadhiwa ikiwa imesagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, kama mahindi yakishakuwa unga. Ukiingiza nywila yako, inasagwa tena, na unga unalinganishwa na unga. Hata mwizi akiiba ghala, amepata unga. Ujanja huo unahitaji kitu kilekile herufi kwa herufi, lakini kidole hakisomeki sawasawa mara mbili: leo kina jasho, kesho kina udongo. Kwa hiyo ramani yake kwa kawaida huhifadhiwa katika hali inayoweza kulinganishwa, na anayeiiba ameiba kitu chenye faida.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 2015 Marekani ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 ziliibwa kutoka idara yake ya utumishi serikalini. Watu hao hawakuambiwa "badilisha vidole". Na Desemba 2014, kwenye mkutano wa wadukuzi Ujerumani, Jan Krissler alionyesha alama ya kidole cha waziri wa ulinzi, Ursula von der Leyen, aliyoitengeneza kutokana na picha za kawaida. Hakumgusa hata mkono.

Korea Kusini walipita njia hii

Ukitaka kuona uhakiki wa lazima ukifika mwisho wake, nenda Korea Kusini. Mwaka 2007 sheria iliyataka majukwaa makubwa ya mtandaoni yahakiki utambulisho halisi wa mtu kabla hajaandika chochote, ili kupunguza matusi na uzushi. Matokeo yake kampuni binafsi zikawa maghala ya taarifa za taifa zima. Julai 2011 wadukuzi wakaingia kwenye huduma za Nate na Cyworld wakaondoka na taarifa za watumiaji wapatao milioni 35, kwenye nchi ya watu milioni hamsini hivi. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ile.

Mexico nao walianzisha daftari la kusajili namba za simu mwaka 2009 ili kupambana na utekaji na ulaghai, wakalifuta mwaka 2012. Na jirani zetu Kenya, Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba ulikuwa batili, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu. Mahakama haikusema kitambulisho ni kibaya. Ilisema mlipaswa kupima kabla ya kumimina.

Kwa hiyo tusihakiki?

Hapana, sisemi hivyo. Bila uhakiki wowote, yeyote angeenda Makambako akarudisha laini ya shangazi na kumaliza hela ya viazi. Ninachosema ni kwamba uhakiki mzuri unajibu swali moja na kunyamaza. Mlinzi wa baa anataka kujua kama umefikisha miaka 18. Hahitaji tarehe yako ya kuzaliwa, kijiji chako wala kopi ya kubaki nayo. Kwa lugha ya mifumo: kampuni iulize "je, ni yeye?", ijibiwe "ndiyo" au "hapana", basi.

Wahindi, wenye namba yao ya Aadhaar, walianzisha mwaka 2018 namba mbadala ya muda: unampa mtu namba hiyo badala ya ile ya kudumu, na ukitaka unaibadilisha. Mwaka huohuo Mahakama yao ya Juu ikafuta kifungu kilichoziruhusu kampuni binafsi kudai Aadhaar. Sisi tunaweza kuanza na kidogo zaidi ya hapo. Kila kidole changu kikisomwa na laini mpya ikafunguliwa, nipate meseji palepale kwenye laini zangu nyingine zote: "Namba mpya imesajiliwa kwa jina lako leo. Kama si wewe, jibu HAPANA." Benki inanitumia meseji nikitoa elfu tano. Jina langu lina thamani ndogo kuliko elfu tano?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi lengo hilo, na inakupa haki ya kuuliza wanacho nini chako na kulalamika kwenye Tume. Lakini sheria inayomsubiri mama wa Wanging'ombe apande gari, ajue neno "kanzidata" na aandike malalamiko, inawalinda zaidi wale ambao tayari wanajua kujilinda.

Basi, ukimaliza kusoma, fanya mawili. Bonyeza *106# uone laini zako. Kisha mwite mama, baba, bibi au jirani yeyote anayelima, mfanyie na yeye, mkae pamoja mhesabu. Na ukimpeleka kwa wakala, akiambiwa "weka tena kidole", uliza wewe kwa niaba yake: ya kwanza ilikuwa ya nini, na hii ni ya nini?

Ya shangazi tuliifuatilia kwenye duka la mtandao wenyewe. Wakasema wanaweza kuifunga namba ile asiyoijua, ila kwanza wahakikishe kwamba mlalamikaji ni yeye kweli. Wakamsogezea kimashine.

Kikakataa.