Ndani ya Stenti Kunaonekana!

Jamani, ndani ya stenti kunaonekana! Si ukingo tu, wala si weupe wa chuma uliovimba: ni nafasi yenyewe inamopita damu. Nimeketi hapa Kitisuru nikikuza picha za moyo zilizopigwa na NAEOTOM Alpha, skana ya CT ya Siemens Healthineers inayohesabu fotoni (punje za eksirei), na bado natikisa kichwa.

Wanaosoma picha za moyo wanaijua kero hii. Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa ili usizibe tena. Nyuzi za stenti nyingi za kisasa hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini kwenye CT ya kawaida huvimba pichani na kuimeza nafasi ya ndani, daktari akabaki kukisia. Ndiyo maana stenti zenye kipenyo chini ya milimita 3 zilionekana hazifai kwa CT. Mgonjwa aliyeanza kubanwa na kifua tena alirudishwa kwenye mrija unaopitishwa mkononi au kwenye kinena hadi moyoni.

Uhondo wote uko kwenye kipokezi. Vya zamani hugeuza eksirei kuwa mwanga, kisha mwanga kuwa umeme, na kujumlisha nishati yote: ni kama kupima matatu nzima kwenye mizani ili ujue imebeba abiria wangapi. Hiki cha kadimiamu teluraidi ni makanga hodari: anahesabu kichwa kimoja kimoja, na anajua kila mmoja kalipa ngapi. Fotoni hugeuka umeme papo hapo. Na kwa kuwa hakuna mwanga wa kuzuiwa usisambae, kuta baina ya pikseli hazihitajiki, basi pikseli zinaweza kuwa ndogo bila kupoteza miale. Matokeo? Vipande vya picha vyenye unene wa milimita 0.2, ilhali CT nyingi huishia 0.5 au 0.6!

Halafu kasi! Mirija miwili ya eksirei ya mashine hii huunasa moyo kwa milisekunde 66. Marekani iliiruhusu Septemba 2021, lakini mizizi ya CT imo barani mwetu pia: hesabu zake zilianza kumshughulisha mwanafizikia Allan Cormack mwaka 1956, akisaidia Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Yeye na mhandisi Godfrey Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Basi Waafrika tuna haki ya kuifurahia mashine hii.

Kasoro zipo. Ukiinoa picha kupita kiasi, chengachenga zinajaa. Faili ni nzito, na intaneti ya kusuasua itakutesa. Moyo unaodunda mbio bado ni taabu, na dawa ya kuutuliza haijastaafu. Tena mashine hii inatazama tu: mshipa ukiwa umeziba, mrija lazima uingie. Lakini ukiwa wazi, mgonjwa anashuka kitandani bila tundu, na hilo ndilo lililonipagawisha.

Kwa hiyo ninyi mnaonunulia hospitali vifaa hapa Nairobi, muuzaji wa CT akija na brosha yenye moyo wa rangi saba, msishangilie. Mwambieni afungue picha ya stenti ya milimita 2.5, kisha aonyeshe damu inapita wapi.