Rosa Anasikilizwa Akiwa Marehemu: Usomaji wa "Rosa Mistika" kutoka Misima

Darasani kwetu mjadala wa "Rosa Mistika" huishia pale pale. Mmoja anasema mkosaji ni Zakaria na malezi yake ya bakora; mwingine anasema la, Rosa alikuwa na akili zake timamu; mwalimu anatazama saa, basi. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa kwa muda isisomwe shuleni, na mpaka leo tunaihakiki kana kwamba tumeitwa barazani kumhukumu binti. Mimi nina swali jingine: katika kitabu chote, Rosa anapewa wapi nafasi ya kujieleza?

Tuifuate matini. Baba mlevi anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anafika chuoni Morogoro, wanaume wenye vyeo wanamchezea. Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua. (Hata jina lenyewe ni la Bikira Maria katika litania, mtoto kabebeshwa ubikira tangu ubatizo.) Halafu, mwishoni kabisa, mbele ya Mungu, Rosa na Zakaria wanashtakiana, na binti anamjibu baba yake bila kuogopa kiboko. Wapo wenzangu wanaoiona sehemu hii kama kiraka kilichoshonwa juu ya riwaya ya kihalisia. Kwa mtazamo wangu ndiyo roho yake. Mwandishi, kwa kukusudia au la, ametuonyesha kwamba hapakuwa na kikao cha walio hai ambacho kingemsikiliza msichana yule.

Ninapotofautiana naye ni kwenye chanzo. Mimi ni mtu wa Misima, Handeni. Uzigua kwa asili ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kama tatizo ni baba mkali tu, basi binti wa kwetu angekuwa salama. Wapi! Mjomba naye si mwanamume? Na mwali wa Kizigua alifundwa, tena sana, ila alifundwa kukaa na mume. La kumjibu mkubwa wa chuo halikuwamo. Tena kuna maji. Kezilahabi kazaliwa Ukerewe, ziwa limemzunguka. Angezaliwa Handeni, nadhani riwaya ingeanza na ndoo kichwani, maana kwetu saa za msichana huishia kisimani kabla hazijafika kwenye daftari.

Suala la sheria ndilo hatuligusi kabisa katika uhakiki wetu. Mwaka ule ule wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa: mvulana aoe akiwa na miaka 18, msichana aolewe na 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 mahakama ikiruhusu. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo mwaka 2019. Mwanafunzi aliyepata mimba naye alikuwa akifukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu arudi baada ya kujifungua. Kwa hiyo Rosa wa kwenye karatasi na msichana wa kijijini walisomewa hukumu moja kwa miongo mingi: aondoke yeye.

Sasa, jamani, tuutazame mradi wa Tuseme, ulioanzishwa na Penina Mlama na wenzake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996. Wasichana wa sekondari wanayachambua matatizo yao wenyewe, wanayatungia igizo, wanaliigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha linajadiliwa. Shirika la FAWE lilikuja kuueneza katika nchi nyingine za Afrika. Najua kuna watakaosema hiyo siyo fasihi, ni semina yenye ngoma. Mtunzi hajulikani, hakuna kitabu cha kununua. Lakini kwa usawiri wa mhusika, igizo la namna hiyo linafanya jambo ambalo riwaya yetu mashuhuri imelisogeza hadi ahera: msichana anasema, na mwalimu mkuu kakaa kiti cha mbele, anasikia.

Anayepinga aniletee ukurasa ambapo mtu mzima anamwuliza Rosa, akingali hai: wewe mwenyewe unasemaje?